Nyamizi Ateuliwa Kuwa Mama

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo popote, na wanaoishi ndani yake watakuwa wa kwanza kuapa hivyo. Mimi mwenyewe niliitumikia kwa uaminifu nikiwa Shahidi wa Serikali wa Makabidhiano, cheo kikubwa ambacho masharti yake yalikuwa mawili tu: mtu awe na mwandiko unaosomeka, na asiwe na ujuzi mwingine wowote. Walinitafuta nchi nzima. Waliponikuta nimekaa barazani sifanyi lolote, walinihoji kidogo, wakatazamana, wakasema huyu ndiye.

Naeleza haya ili msije mkadhani nina kinyongo. Sina. Nchi yetu ilifanikiwa katika jambo ambalo mataifa makubwa yanalipigia kelele mpaka leo: ilimaliza kabisa tatizo la ajira kwa wahitimu. Kila aliyemaliza chuo alipata kazi. Wengine walipata kazi nyingi, moja baada ya nyingine, na zote walistaafu kwa heshima.

Ilianza hivi. Mashine za kufikiri na kusema zilipoingia nchini, Baraza la Mawaziri liliketi kuzikaribisha. Zilikuwa masanduku ya kijivu yenye magurudumu madogo na taa moja ya kijani, na kila moja iliitwa Mpokeaji. Majirani zetu waliziingiza maofisini hivi hivi tu, kama mtu anavyoingiza kabati. Sisi tulikuwa na utaratibu. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kukalia kiti cha ofisi bila kukabidhiwa na aliyekuwepo: funguo, muhuri, picha ya Kiongozi ukutani, hata ndoo na fagio. Ikitokea mtu amekufa kabla ya kukabidhi, ofisi hufungwa. Iko moja mjini imefungwa mpaka leo, na taa inawaka ndani.

Shida ikawa kwamba kazi nyingi zilizopangiwa mashine hazikuwa na watu. Zilikuwa wazi miaka nenda rudi, na wahitimu waliokuwa wakiziomba waliambiwa wasubiri. Sasa kazi isiyo na mtu, nani ataikabidhi? Wanasheria walikuna vichwa. Ndipo Waziri wa Kesho, Mheshimiwa Dokta Teofili Lugobo, aliposimama mbele ya taifa, akarekebisha miwani, akatoa hotuba ambayo watoto wa shule walilazimishwa kuikariri.

"Ndugu wananchi," alisema, "soko la ajira linabadilika. Nasi lazima tubadilike kabla halijabadilika, ili litakapobadilika likute tumekwisha kubadilika, lione haya. Mhitimu wa kale alikaa kwenye kazi. Mhitimu wa leo anapita kwenye kazi. Tutamwandaa apite vizuri."

Tukapiga makofi. Wiki hiyo hiyo wahitimu walianza kuajiriwa kwa wingi. Asubuhi unaapishwa, unakalishwa kwenye kiti, unaletewa chai na maandazi. Mchana unamfundisha Mpokeaji kila unachokijua. Jioni unakabidhi na kustaafu, unavishwa shada la maua, unapewa saa ya ukutani na bati la kuezekea, mnapiga picha. Mimi natia sahihi. Nimeona wastaafu ambao ndevu zilikuwa bado hazijawaota vizuri wakilia kwa furaha, au ndivyo nilivyoandika.

*

Kanuni nyingine ya zamani inasema mstaafu haondoki na mali ya ofisi. Tangu enzi za kalamu na wino, mtu alipekuliwa begi mlangoni. Basi mtumishi mmoja makini wa Wizara akauliza swali: mhasibu akishakabidhi uhasibu wake, halafu akaenda nyumbani akahesabu kuku, je, hajaondoka na mali ya ofisi? Hakuna aliyeweza kumjibu. Akapandishwa cheo, na pakaundwa kikosi cha Wakaguzi wa Mabaki, vijana wa mashati ya njano ambao walianza kupita mitaani taratibu wakisikiliza madirishani.

Mtaani kwetu alikuwepo mhasibu mwenye watoto wengi. Jioni mke wake ndiye aliyewahesabu mlangoni, yeye akitazama pembeni. Mwalimu mmoja wa jiografia alikabidhi vizuri sana, tukampongeza, kisha akashindwa kurudi kwake kwa kuwa njia aliijua. Alisimama njia panda mpaka mkaguzi aliporidhika kwamba kweli amepotea, ndipo akaongozwa. Fundi umeme alikaa gizani nyumbani kwake, swichi iko mkononi kabisa, akisubiri mtu asiye na elimu apite aibonyeze.

Waliokiuka walipelekwa Kituo cha Kunolewa, kwenye majengo meupe nyuma ya uwanja wa maonyesho. Huko pia ndiko walikopelekwa wahitimu waliobaki bila kazi, ambao kosa lao liliitwa kuchafua takwimu. Huduma za kituo kile zilikuwa bora mno. Sijawahi kusikia hata mtu mmoja aliyetoka na malalamiko. Kusema kweli sijawahi kusikia hata mmoja aliyetoka.

*

Mpwa wangu Nyamizi, mtoto wa dada yangu, alikuwa fahari ya ukoo wetu. Alikuwa na Shahada ya Stadi Zinazohamishika, kwa alama za juu, na stadi zile zilihamishika kweli. Alistaafu ukarani, akastaafu ualimu wa chekechea, akastaafu uhasibu wa duka la dawa na upokeaji wa wageni hotelini. Nyumba yake, upande wa pili wa ukuta wangu, iliezekwa kwa mabati ya kustaafu, na ndani saa za ukutani zilikuwa zikibishana mchana kutwa. Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea. Alikabidhi mapema, mikono ikamuwasha, akavuka mpaka kwenda kutafuta nchi ambako bado watu wanachomelea wenyewe. Hatujapata habari zake. Alimwachia Nyamizi binti anayeitwa Kabula, umri wake miaka mitatu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Nyamizi hakuwa amebakiwa na kingine. Aliniambia mwenyewe siku moja, akimsuka mtoto barazani, mimi nikitazama kama kuna shati la njano linapita.

"Mjomba, kuhesabu sihesabu. Kufundisha sifundishi. Mtu akibisha hodi namwacha nje, maana kukaribisha nako nimekabidhi. Lakini huyu ni wangu. Huyu hakupitia ofisini kwao."

"Sema polepole," nilimwambia.

"Nasema polepole, mjomba. Wewe ndiye unayesikia kwa nguvu."

*

Mwaka ule kazi zikaisha. Kila iliyokuwepo ilikuwa imekabidhiwa, na vyuo vilikuwa vinaendelea kumwaga wahitimu. Takwimu zilianza kutetemeka. Mheshimiwa Lugobo hakutetemeka. "Kazi haziishi," alilitangazia taifa. "Kinachoisha ni macho ya kuziona. Majumbani mwenu humo mna kazi tele, zinafanywa kiholela na watu ambao hawajateuliwa."

Uchunguzi ulifanyika na aibu kubwa ikafichuka. Iligundulika kwamba watu walikuwa wakisalimiana bila ajira. Walikuwa wakifariji wafiwa bila mkataba. Kijana mmoja mhitimu wa mawasiliano akateuliwa kuwa Msalimiaji wa mtaa wetu, akakabidhi kabla ya chakula cha mchana. Tangu siku ile ukipita bombani, sanduku la kijivu ndilo linalokuuliza habari za nyumbani, na watu wenyewe wanapishana wameinamisha vichwa. Binti mmoja aliteuliwa Mfariji. Katika mazishi yaliyofuata Mpokeaji alilia vizuri sana, akanyamaza kwa wakati, nasi tukasimama kuzunguka kaburi na macho makavu. Mjane alitaka kulia. Shemeji yake alimbana mkono mpaka tamaa ile ikampita.

Mtaa ukawa kimya. Mwanzoni niliupenda ukimya ule, nikalala usingizi mnono. Baadaye nikaanza kuuogopa. Niligundua kwamba jioni natega sikio ukutani ili nisikie kitu chochote, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa Nyamizi akinong'ona na mtoto wake kabla ya kulala. Maneno sikuyashika. Nilidhani ni sala.

Kisha gari la matangazo likasimama mlangoni kwake. Kipaza sauti kilisema kwamba Wizara ya Kesho ina furaha kumteua Mhitimu Nyamizi kuwa Mama wa Kabula, kuanzia kesho asubuhi, na kwamba atastaafu siku hiyo hiyo jioni. Walimpa pongezi. Halafu gari likapiga honi kuku wapishe, likaondoka.

Alikuja kwangu amembeba mtoto mgongoni.

"Mjomba, si mimi ni mama yake tayari?"

"Kienyeji tu, mwanangu. Hujawahi kuteuliwa."

"Nimemzaa."

"Ndiyo. Bila uteuzi."

Alikaa kwenye kigoda. "Nikikataa?"

"Utakuwa mhitimu asiye na kazi. Watakupeleka kunolewa, na mtoto atabaki na nani? Ukikubali utaishi naye nyumba moja. Utamwona kila siku."

"Nitamwona."

"Kila siku."

"Na akilia, mjomba? Akilia nikamshika, si nitakuwa nimetoka na mali ya ofisi?"

Nilimwambia kesho avae lile joho lake la mahafali, maana Waziri angekuja mwenyewe.

*

Alikuja kweli. Turubai lilifungwa uani, viti vya plastiki vikapangwa, na mashati ya njano yakasimama pembeni. Nyamizi akainua mkono wa kulia akaapa kuutumikia umama kwa uaminifu mpaka jioni. Akakalishwa kwenye kiti cha kuzunguka kilicholetwa kutoka Wizarani, bado kina nailoni yake. Kabula akampandia mapajani. Mkaguzi mmoja alitaka kuzuia, mwenzake akamwambia ni sawa, bado yuko kazini.

Makabidhiano yalianza vizuri. Nyamizi alionyesha namna uji unavyopoozwa na kujaribiwa kwenye kifundo cha mkono. Alieleza kwamba mtoto huyu hapendi nguo ipitie kichwani, inabidi afunguliwe vifungo vyote, na kwamba nywele zake zinasukwa kuanzia kisogoni, la sivyo anapiga mateke. Taa ya kijani ilipepesa. Sanduku likarudia kila neno kwa sauti ya Nyamizi mwenyewe, na Kabula akacheka sana akidhani ni mchezo.

Ikabaki kumlaza. Nyamizi alimkumbatia mtoto, akamwimbia wimbo mzuri wa kubembeleza, akimpigapiga mgongoni taratibu. Mheshimiwa Lugobo mwenyewe alipiga miayo. Mtoto akahamishiwa kwenye kitanda kidogo kilichochomoza kutoka tumboni mwa Mpokeaji, na Mpokeaji akaimba wimbo ule ule, kwa sauti ile ile, bila kosa hata moja.

Kabula alifumbua macho akalia. Sanduku likapandisha sauti, naye akapandisha yake. Alinyoosha mikono kwa mama yake. Nyamizi alikuwa ameikalia mikono yake mwenyewe, anatazama chini, na mdomoni mwake niliona kitu kama tabasamu. Hapo nikaelewa. Tangu mtoto yule azaliwe, sijawahi kumsikia Nyamizi akiimba kupitia ule ukuta.

Nilijua, nikanyamaza. Nilisimama nikasoma kanuni: makabidhiano yakishindikana, mtumishi anaendelea na kazi yake mpaka yatakapowezekana. Niliisoma kwa sauti kubwa, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi chache, mpwa wangu alikuwa mtu pekee katika nchi yetu mwenye ajira ya kudumu.

Waziri alimwita mtaalamu wake, mama mmoja mwembamba aliyevaa glavu. Aliikagua mashine mbele na nyuma, akamulika macho ya mtoto kwa tochi.

"Mashine ni nzima, Mheshimiwa," alisema. "Mhitimu naye amekabidhi ipasavyo. Tatizo ni mtoto. Hajaandaliwa."

"Ana umri gani?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu mizima," Waziri alisema kwa huzuni ya kweli, "na hakuna aliyemwandaa kwa soko linalobadilika. Tumechelewa. Apelekwe akanolewe."

Gari jeupe lilikuwa nje na mlango wake wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa. Mashati mawili ya njano yakamwendea mtoto. Nyamizi akasimama kwa kishindo mpaka kiti kikazunguka peke yake.

"Mheshimiwa, naomba msubiri. Sijamaliza kukabidhi. Wimbo ule sio."

"Ulio wenyewe uko wapi?"

"Huwa siimbi, Mheshimiwa."

Alimchukua mtoto wake, akavua joho, akaketi chini ameegemea ukuta. Akamlaza Kabula kifuani, akashika ncha ya sikio lake kwa vidole viwili, akaisugua polepole. Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini, ile niliyoizoea, na safari hii maneno niliyashika.

"Maji leo yametoka mekundu tena, mama. Bati la ukarani limetoboka, la ualimu linavuja, mvua ikija tutalala tumesimama. Baba yako kaondoka na mikono yake, na kafanya vizuri. Nimesoma mpaka macho yakaniuma ili nipewe saa za ukutani, na saa zenyewe hazisikilizani. Yule Lugobo na tumbo lake, kesho, kesho, kesho yake anaijua mwenyewe. Angebeba ndoo moja tu kutoka bombani mpaka hapa angeacha hotuba. Na babu yako huyo wa upande wa pili anasikia kila kitu, kazi yake kutia sahihi. Wanatumaliza, mama. Wanatumaliza kidogo kidogo kama sabuni, na wanataka tuseme asante. Lala. Mimi sisemi asante. Lala."

Kabula alikuwa ameshalala. Mimi maneno yale yaliniuma, hasa yaliyonihusu, kwa sababu hayakusemwa kwa hasira. Yalisemwa kama mtu anavyosema habari za hali ya hewa, jioni baada ya jioni, na mtoto amekua kwa kuyasikia.

Uso wa Waziri ulikuwa umeiva, na wakaguzi walikuwa wamekwisha kumzunguka Nyamizi. Mtaalamu wa glavu akainama akamnong'oneza Mheshimiwa sikioni. Alinong'ona kwa muda. Uso wa Waziri ukalegea, kisha ukang'aa.

"Ijaribiwe," alisema.

Mtoto aliamshwa akawekwa tena kwenye sanduku. Kimkono cha mpira kilitoka kikashika sikio lake. "Maji leo yametoka mekundu tena, mama," sauti ya Nyamizi ilianza, na mwenyewe amekaa pale chini amefumba mdomo. Sauti ikapita kwenye mabati, ikapita kwenye tumbo la Waziri naye akatikisa kichwa kwa kuridhika, ikanipitia na mimi, ikafika mwisho. Kabula alilala fofofo.

"Shahidi, andika," Waziri aliniambia kwa upole. "Amekabidhi kulaza. Na amekabidhi kulalamika."

Halafu akakishika kipaza sauti. "Ndugu wananchi, kwa muda mrefu malalamiko katika nchi hii yamekuwa yakifanywa ovyo, kila mahali, na watu wasio na mafunzo. Kuanzia leo yana mwenyewe. Yatatolewa kitaalamu, kwa sauti ya chini, kwa watoto, wakati wa kulala."

Tulipiga makofi. Nyamizi alinigeukia, akafungua mdomo. Mkaguzi aliyekuwa karibu yake akainua kidole kimoja tu. Nyamizi akaufunga.

Walimvisha shada la maua, wakamwegeshea bati lake ukutani. Kilichobaki kilikuwa kidogo: kanuni inataka anayehudumiwa amtambue Mpokeaji wake, ndipo Shahidi atie sahihi. Tukasubiri mtoto aamke. Waziri alikunywa soda. Jua lilikuwa limeanza kushuka pale Kabula alipojinyoosha, akapikicha macho, akaita kama anavyoita siku zote.

"Mama."

"Abee, mwanangu," sanduku likaitika.

Kabula alimtazama Nyamizi. Nyamizi alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, maua shingoni, midomo ameikaza mpaka imekuwa myeupe, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

Aliita mara ya tatu, na safari hii hakumgeukia Nyamizi. Mimi nikatia sahihi.